Muuaji Asiyeamkia Wazee

Muuaji nilimjua ukurasa wa kumi na nne. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kujivunia. Mimi nimesoma hadithi za upelelezi tangu nikiwa sekondari, nimezifundisha chuoni, nimesimama mbele ya wanafunzi nikaeleza kwa saa mbili nzima jinsi mwandishi anavyomficha mhalifu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumkamata mhalifu hata mmoja kabla ya mpelelezi. Mke wangu ndiye anayewakamata. Anakaa mbele ya tamthilia ya runinga akichambua mchicha, hata hatazami vizuri, anasema, "Ni shangazi mtu." Baada ya wiki tatu kweli inakuwa shangazi mtu. Mimi nabaki nimemshuku daktari.

Kwa hiyo nilipomjua huyu, huku zimebaki kurasa zaidi ya mia tatu, nilipaswa kufurahi. Badala yake nilifunga daftari kwa hasira. Mwandishi wa hadithi ile alikuwa mama mkwe wangu, na kulikuwa na jambo la kumwambia ambalo hakuna mkwe mwenye akili timamu angependa kulisema.

Mama mkwe anaishi Kiomboi. Alikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini, akastaafu, akafiwa na mumewe, akabaki na bustani ya vitunguu na kwaya ya kina mama. Hivyo ndivyo nilivyomjua. Kwamba kila jioni alikuwa akiandika, hakuna aliyejua. Siku moja mke wangu alinituma stendi ya Singida nikapokee ndoo kwa kondakta wa basi la Kiomboi. Nilidhani ni karanga. Karanga zilikuwepo, lakini chini yake, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kipande cha kitenge, kulikuwa na madaftari makubwa matano yaliyojaa mwandiko wa wauguzi wa zamani, ule uliosimama wima na kusomeka hata ukiwa umesinzia.

"Mama anasema usome," mke wangu alisema nilipofika nyumbani, Unyambwa.

"Ni nini?"

"Kitabu. Kaandika kitabu cha mauaji."

"Mama yako?"

"Ndiyo, mama yangu. Ulidhani jioni anafanya nini, anahesabu vitunguu?"

Kisha akanieleza masharti. Kulikuwa na mchapishaji Dodoma aliyekubali kuutazama mswada kama ungemfikia kabla ya mvua. Lakini mama asingeupeleka popote mpaka mimi niseme. Nikisema unafaa, atampa mchapaji wa pale Kiomboi auchape kwa kompyuta, kisha utaondoka. Nikisema haufai, atafunga kalamu na kurudi bustanini, na habari hiyo isizungumzwe tena katika ukoo.

"Na nikisema unahitaji marekebisho?"

"Hilo hakulisema."

Nilianza kusoma Jumamosi mchana, nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba, upepo wa Oktoba ukinipindulia kurasa kabla sijazimaliza. Nakiri nilikaa kama mtu anayekwenda kusahihisha insha za kidato cha pili. Nilikuwa hata na kalamu nyekundu. Kufika ukurasa wa tatu nilikuwa nimeiweka chini.

Aliyeuawa ni tajiri mwenye mashine ya kukamua alizeti katika kijiji ambacho hakikutajwa jina lakini aliyewahi kupita Kinampanda angekitambua kwa mawe yake. Anakutwa asubuhi kati ya magunia ya mashudu, amezibwa pumzi. Waandishi wengi, nikiwemo mimi, tukifika kwenye maiti tunaanza kupiga kelele: damu, macho yaliyotoka, mikono iliyokakamaa. Mama mkwe aliandika kwamba vidole vya marehemu vilikuwa vimekunjwa kama vya mtoto mchanga aliyeshiba, na kwamba mashudu yalikuwa bado yana joto la mashine, kwa hiyo mwili ulichelewa kupoa na kila mtu akakosea saa ya kifo. Hapo nilinyanyuka nikaenda kunywa maji. Nimeanza riwaya mbili maishani mwangu, zote zikafia sura ya nne, na katika sura zote nane hakuna sentensi hata moja iliyokaribia ile ya vidole.

Mpelelezi wake ni askari mwanamama, mfupi, mpenda karanga, aliyetumwa kutoka wilayani. Mahojiano yake ya kwanza yana kurasa mbili za salamu. Anauliza habari za asubuhi, za watoto, za mifugo, za shamba, anauliza mvua imewafanyaje, na mtu akishalegea kabisa ndipo anaulizwa jana saa kumi alikuwa wapi. Mwanzoni nilitaka kukata nusu ya salamu hizo. Baadaye niliona kwamba salamu zenyewe ndizo mahojiano. Mke wa marehemu anasema mbuzi hawajambo, na ukurasa mmoja mbele mtoto anasema mbuzi mmoja amekufa. Huyu mama anajua kazi, nikajisemea.

Ndipo ukafika ukurasa wa kumi na nne. Mnunuzi wa alizeti kutoka mjini anaingia uani kwa marehemu. Wazee watatu wamekaa kwenye gogo karibu na mlango. Anawapita. Anamuuliza mke wa marehemu: "Mwenye mashine yupo?"

Basi. Kwisha habari. Katika kijiji ambacho kila mtu anaamkia, ambapo hata mlevi wa hadithi anatoa shikamoo akiwa amelala chini, mtu mmoja tu anawapita wazee watatu kama anapita magogo matatu. Hakuna msomaji wa Singida, wala wa Iramba, wala wa Mkalama, Mkristo au Mwislamu, ambaye asingemfunga pingu hapohapo. Mpelelezi akahangaika madaftari manne na nusu kumtafuta mtu ambaye mimi nilishamhukumu.

Nilisoma mpaka mwisho nikiomba niwe nimekosea. Nimekosea mara nyingi, kwa nini nisikosee na hii? Sikukosea. Alikuwa ni yeye.

"Ni mnunuzi," nilimwambia mke wangu.

"Umejuaje?"

"Hakuamkia wazee."

"Ah," akasema, akaendelea kuosha vyombo. "Basi ni yeye. Hata kuku wangejua."

"Ndiyo shida yenyewe! Hadithi nzuri yote, imeharibiwa na mstari mmoja. Mwambie mama yako muuaji anaonekana mapema mno."

"Mwambie wewe."

"Mimi nimwambie mama yako?"

"Si ndiye msomi wewe?"

Hapa nieleze kidogo. Wapo wakwe siku hizi wanaokaa sebule moja na mama wakwe zao, wanatazama mpira pamoja, wanagombania rimoti. Nawaonea wivu. Kwa mama mkwe wangu mambo hayako hivyo. Tunasalimiana, tunaulizana habari, kisha mmoja wetu anapata sababu ya kwenda kwingine. Sili mbele yake, naye hali mbele yangu. Miaka kumi na minane ya ndoa, sijui anapenda chai yenye sukari ngapi. Mtu mmoja aliwahi kumtania kwamba yeye ni mama wa kisasa, mstaafu wa serikali, kwa nini anashikilia mambo ya kale. Akajibu, "Nimewachoma sindano za makalio wanaume wa nusu ya wilaya hii. Lakini mkwe ni mkwe."

Kwa hiyo maoni yangu yangepita kwa mke wangu. Jumapili baada ya ibada alipiga simu. Waliongea Kinyiramba, ambacho mimi Mnyaturu nakisikia nusu, na nusu yenyewe ni ile isiyo na maana. Nilisikia "muuaji." Nilisikia kicheko. Nilisikia kicheko kingine kirefu zaidi.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza alipokata.

"Nimemwambia umempenda muuaji."

"Sikusema hivyo!"

"Ulisema anaonekana mara moja. Nimemwambia anaonekana vizuri sana."

"Mama watoto, hayo ni maneno mawili tofauti kabisa."

"Mama ana presha. Unataka nimpigie simu ya Jumapili nimwambie kitabu chake kimeharibika? Sema wewe, una mdomo."

Wiki iliyofuata kondakta aliniita tena stendi. Daftari la sita. Kwa kuwa nilikuwa nimempenda muuaji, mama mkwe alikuwa amemwongezea sura mbili. Katika ya kwanza mnunuzi anaingia dukani na kumpita bibi mwenye duka bila neno. Katika ya pili anaingia kanisani, ibada imeshaanza, anampita mzee wa kanisa mlangoni na kwenda kukaa mbele. Alikosa kubandikwa tangazo mgongoni tu.

Nilikaa na daftari lile mapajani nikajiona mimi ndiye mhalifu. Mvua zilikuwa zinakaribia. Nikisema unafaa, mchapishaji wa Dodoma atafika ukurasa wa kumi na nne na kuufunga, kama nilivyoufunga mimi. Nikisema haufai, mwanamke anayejua kuandika kuliko mimi atarudi kwenye vitunguu. Na nisiposema kitu, ataendelea kumwongezea muuaji wangu mpenzi sura za kuwapita watu. Kulikuwa na njia moja tu.

Nilikwenda Kiomboi Ijumaa, kwa basi la asubuhi, madaftari yote sita yakiwa ndani ya ndoo ileile. Mke wangu hakunisindikiza. Alisema ana mitihani ya kusahihisha. Nadhani hakutaka kuwepo.

Mama mkwe alinipokea mlangoni akiwa amejifunga khanga mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Habari za huko?"

"Nzuri mama."

"Mama watoto?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Watoto?"

"Wazima wote."

"Karibu ukae."

Nilikaa sebuleni. Yeye akapita pazia la bluu linalotenganisha sebule na jiko, na hapo akakaa. Nilimsikia akianza kukata vitunguu. Mjukuu wa jirani aliniletea chai na viazi vitamu, akaondoka. Nikaelewa kwamba mazungumzo yatafanyika hivyo: mimi na chai upande huu, yeye na kisu upande ule, na fasihi ipite chini ya pazia.

"Umesoma, baba?" sauti ikauliza.

"Nimesoma mama. Mara mbili."

"Enhe."

Nikasifia. Nilisifia kwa moyo wote, na sikuhitaji kudanganya: vidole, mashudu yenye joto, mbuzi aliyekufa. Kisu kilikuwa kinakwenda polepole, kwa hiyo nilijua ananisikiliza. Kisha nikasema, "Ila kuna jambo dogo mama."

Kisu kikasimama.

"Mnunuzi anapoingia uani, hawaamkii wale wazee."

"Ndiyo. Hawaamkii."

"Sasa msomaji anajua palepale kwamba ndiye aliyeua."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua mama."

"Kwa kuwa hakuamkia."

"Ndiyo."

"Basi mlaumu mama yako aliyekulea. Mimi sikukulea."

Nilidhani anatania. Hakucheka. Nikaendelea, kwa sauti ile ninayotumia semina za mwaka wa tatu, sauti ambayo hata mimi siipendi. Nikaeleza kwamba riwaya ya upelelezi ni mkataba na msomaji, kwamba mhalifu lazima afanane na wengine, kwamba dawa ni rahisi mno: neno moja. Mnunuzi aseme shikamoo, wazee waitikie, hadithi iendelee.

"Awaamkie wale wazee?" akauliza. "Kwa mikono ile?"

"Wazee hawajui alichofanya, mama."

"Mimi najua. Halafu nani aitikie? Niwaandikie wazee watatu marahaba, wamwitikie mtu aliyetoka kumziba mwenzao pumzi kwa gunia? Kesho nikikutana nao njiani nitawatazamaje?"

"Mama, hao wazee ni wa kubuni."

"Wawili ni wa kubuni. Mmoja ni marehemu baba yangu."

Nikanywa chai. Ilikuwa imepoa. Nikaja kwa njia nyingine. Basi mnunuzi abaki bila adabu, nikasema, ila tumpe mwenzake. Mdogo wa marehemu, kwa mfano, naye awapite wazee siku moja. Msomaji atawashuku wote wawili.

"Mdogo mtu?" Sauti ilipanda kidogo. "Yule kijana hana kosa lolote."

"Ndiyo maana. Msomaji atadanganyika."

"Unataka nimfanye mtoto wa watu hana adabu, na hajaua hata mtu?"

"Ndiyo mama."

"Kwa kitabu kizima watu wamseme? Huyo nimemlea kurasa mia mbili, baba. Ndiye anayemzika kaka yake. Angekuwa wako ungekubali?"

Sijui nieleze vipi hasira iliyonishika. Haikuwa hasira ya mtu aliyetukanwa. Ilikuwa ile ya kumwona mtu amebeba mtungi uliojaa, amevuka mto, amepanda mlima, halafu anaukalia. Hapa palikuwa na mtu aliyeweza kumuua tajiri kwa gunia bila kupepesa macho, akahesabu saa ya maiti kupoa, akamfungia mhalifu milango yote kwa ufundi ambao sijawahi kuuona kwa mwanafunzi wangu yeyote, lakini hawezi kuandika kwamba kijana mmoja alisahau kuamkia. Na ndani ya hasira hiyo, nikiwa mkweli, kulikuwa na kidonda changu mwenyewe. Kama kosa lile lingeondoka, ningebaki na mswada usio na kosa, ulioandikwa na mtu mwingine, nyumbani kwa mke wangu mwenyewe.

"Lakini mama, tazama mwenyewe!" nikasema. "Mstari ni huu hapa!"

Nikanyanyuka na daftari, kidole kimebanwa kwenye ukurasa wa kumi na nne, nikasukuma pazia, nikaingia jikoni.

Nilifika hatua tatu kabla ya kuelewa nilipo. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, kichwa wazi. Tulitazamana. Katika miaka kumi na minane hatukuwahi kutazamana. Kisha akavuta khanga kichwani, akageukia ukutani, kisu na kitunguu bado mkononi. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya jiko la mkwe wangu, jasho linanitoka, kitambi mbele, daftari nimelinyoosha kama hati ya kukamata mtu. Niliona masufuria matatu, kalenda ya kanisa, na kando ya jiko kiti kidogo cha mtoto kilichogeuzwa meza: juu yake kalamu, miwani, na daftari jipya lililofunguliwa. La saba. Hapo ndipo alipokuwa akiandikia, akisubiri maharage yaive.

"Baba," akauambia ukuta, "rudi ulikotoka."

Nilirudi kinyumenyume. Niligonga fremu ya mlango. Nilikaa sebuleni mpaka nikaona kukaa kwenyewe ni kosa lingine, nikaacha madaftari yote mezani, nikaaga kupitia pazia, pazia likaitikia, nikapanda basi la saa nane.

Habari ilinitangulia nyumbani.

"Uliingia jikoni kwa mama?" Mke wangu alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Nilitaka kumwonyesha mstari."

"Mstari!"

"Wa ukurasa wa kumi na nne."

"Watu wanaingia jikoni kwa mama mkwe nyumba inapoungua, wewe bwana. Na hata hapo wanabisha hodi kwanza. Chuo gani hicho ulisoma?"

"Nilighafilika."

"Msomi mzima."

"Nimesema nilighafilika."

"Na yeye amesema nini kuhusu kitabu?"

Hilo ndilo lilinimaliza, kwa sababu hakuwa amesema kitu. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Mke wangu alipiga simu kila Jumapili, akaongea habari za choo cha kanisa na bei ya vitunguu na mguu wa jirani, akakata. Nikiuliza, alisema, "Hajakitaja." Nilianza kuamini kwamba kalamu imefungwa, na kwamba sikuifunga kwa neno, ambalo angalau ningeweza kulitetea, bali kwa miguu. Nilijaribu kuandika makala ya gazeti kuhusu jambo hilo, ikatoka nzuri, mimi nikiwa mcheshi na mama mkwe akiwa mshamba. Nikaichana. Mawingu ya kwanza yakaanza kuonekana upande wa Mkalama.

Wiki ya nne, Jumatano, mke wangu alinikabidhi simu yake. Sikuwahi kukabidhiwa simu hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, sina salio la kutosha, kwa hiyo nisikilize. Nimemrekebisha mdogo mtu."

"Ndiyo mama."

"Nilikuwa nafikiri mtu asiye na adabu ni mtu mbaya. Sasa nimemwona mtu aliyeshikwa na jambo lake mpaka pazia halioni. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na karatasi mkononi."

Nikaibana simu sikioni.

"Kwa hiyo ukurasa wa tisa, mdogo mtu anaingia jikoni kwa mama mkwe wa marehemu na hati ya shamba. Anapita kila mtu. Haamkii, habishi hodi. Kijiji kizima kinamwona. Mnunuzi akija ukurasa wa kumi na nne, hakuna mwenye nafasi ya kumshuku."

Niliona. Niliona vizuri mno. Msomaji angekuwa ameshamaliza hasira zake zote kwa yule kijana.

"Na mnunuzi, mama? Ataamkia?"

"Haamkii. Hilo nilishakwambia. Lakini kabla sijampelekea mchapaji, nakuuliza wewe. Yule kijana nimempa umri. Si kijana tena. Nimempa na kitambi, na jasho, na kidole ndani ya karatasi. Kiomboi hapa watu wanakufahamu. Ukisema nimtoe, namtoa leo. Kitabu kitarudi kilivyokuwa, nami sitakipeleka."

Mke wangu alikuwa ameegemea mlango, amejifunika mdomo kwa kitenge, mabega yanacheza.

Nilifikiri kwa muda ambao salio lake halikuruhusu. Hakuna kitu nilichokitaka maishani kuliko kuwa mwandishi anayewafanya watu wadanganyike. Sikuwahi kuomba kuwa kitu cha kuwadanganyia.

"Abaki, mama," nikasema. "Ila kama inawezekana, kitambi kipungue."

"Kitambi ndicho kinachowafanya waamini," akasema, na salio likaisha.

Alipeleka madaftari Jumatatu. Siku kumi baadaye nilipita Kiomboi kwa shughuli ya chuo, na mke wangu akaniagiza nichukue kurasa zilizokwisha kuchapwa, nizipeleke Singida zikafungwe bahasha ya Dodoma. Steshenari ilikuwa karibu na soko. Binti mchapaji alikuwa ameinama kwenye kompyuta, daftari limeegemezwa kwenye mashine ya fotokopi. Alinyanyua macho, akaangalia uso wangu, kisha tumbo langu, kisha bahasha niliyokuwa nimeishika mkononi.

"Shikamoo," akasema taratibu sana.

"Marahaba. Nimetumwa na bibi wa kitabu."

"Wewe ni nani kwake?"

"Mkwe wake."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu. Alinihesabia kurasa, akazipanga, akazibana kwa klipu, lakini hakuziachia. "Nimefika daftari la nne," akasema. "Nachapa haraka kwa sababu nataka kujua mwisho. Nyumbani wote nimewasimulia, tumegawanyika. Mama anasema ni mke wa marehemu. Mimi najua ni yule mwenye kitambi."

"Kwa nini yeye?"

"Mtu anaingia jikoni kwa mama mkwe namna ile! Huyo ana kitu. Mnunuzi naye hana adabu, lakini hao wa mjini wote ndivyo walivyo." Akanitazama tena, sasa kwa wasiwasi. "Wewe umesoma mpaka mwisho?"

"Nimesoma."

"Usiniambie."

Nilikuwa na jina la muuaji mdomoni. Lilikuwa limejaa hapo, na lingenisafisha mbele ya binti yule, na kabla ya jioni lingenisafisha mbele ya familia yake yote, na pengine mbele ya nusu ya soko. Nilichohitaji ni neno moja. Binti alikuwa bado ameshikilia kurasa, akisubiri kuona kama nitamharibia.

"Chapa tu," nikamwambia, nikazichukua, nikatoka.